Je, Mtoto Wetu Akasomee Saikolojia?



Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, nyumba nyingi hapa Raskazone huwa na kikao. Baba, mama, wajomba na shangazi hukaa kitako, na mtoto huketi pembeni akingoja kusikia atakavyoamuliwa. Mmoja asema ualimu, wa pili asema uuguzi, wa tatu asema uhasibu, kwa kuwa mhasibu halali njaa. Siku hizi neno jingine limeingia katika vikao hivyo, nalo ni saikolojia. Wazazi kadhaa wametuuliza baada ya Misa: Elimu hiyo ni ya nini? Je, italeta mkate? Na je, Mkristo aweza kuisoma pasipo kuharibu imani yake? Maswali haya matatu ni ya haki. Na kwa kuwa sisi tulitumia maisha yetu katika ualimu, tumeona yafaa tuyajibu hapa, ili wote wasome.

Elimu hii ni nini

Saikolojia ni elimu ya nafsi ya mtu: jinsi anavyowaza, anavyojifunza, anavyokumbuka, anavyoogopa, na anavyovunjika moyo. Watu wameyatafakari mambo haya tangu zamani, lakini kama elimu ya kuchunguza na kupima, wengi huihesabu tangu mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake katika mji wa Leipzig, Ujerumani.

Sisi walimu tulikutana nayo katika chuo cha ualimu, kwa jina la saikolojia ya elimu. Tulisoma habari za Piaget, Mswisi aliyeonyesha ya kuwa mtoto mdogo hawazi kama mtu mzima aliyepunguzwa kimo, bali ana njia yake ya kufikiri, nayo hubadilika kadiri anavyokua. Mambo hayo tulikwenda nayo darasani. Mtoto anayeitwa mjinga huenda hasikii vizuri, au hakula tangu jana, au anamwogopa mtu fulani wa nyumbani. Mwalimu anayelijua hilo humwuliza mtoto kwa upole, humhamisha akaketi mbele, na mara nyingi yule mjinga huanza kusoma. Basi elimu hii si ya wendawazimu peke yao, kama wengi wadhanivyo. Yatuhusu sote, wazima na wagonjwa.

Imani yetu yasemaje

Tufungue Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Nabii Eliya alikuwa ametoka kuwashinda manabii wa Baali mbele ya taifa zima. Mara baada ya ushindi huo twamwona akikimbia, akiketi peke yake chini ya mti nyikani, na kumwomba Mungu amwondolee uhai. Huyu ni mtu mkubwa wa imani, na bado roho yake ilichoka mpaka akatamani kufa.

Tuangalie Mungu alivyomtendea. Hakumkemea kwa upungufu wa imani. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akampa mkate na maji. Akala, akalala tena, akaamshwa na kulishwa tena. Baada ya safari ndefu ndipo alipoulizwa habari zake, akaachiwa aseme yote yaliyokuwa moyoni. Aliyasema mara mbili, maneno yale yale, wala hakukatizwa. Mwisho akapewa kazi ya kufanya, na mwenzi wa kuifanya naye, yaani Elisha. Usingizi, chakula, sikio la kumsikiliza, kazi, na mwenzi: hivyo ndivyo Mungu alivyomwinua mtumishi wake. Anayejifunza kuwainua watu kwa njia hizo hafanyi jambo geni kwa Mungu wetu. Tena Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, atufundisha kwamba tabibu amewekwa na Bwana, na kwamba mtu mwenye busara hadharau dawa.

Twasema haya kwa sababu tunayajua mazoea ya pwani yetu. Mtu akianza kusema peke yake njiani, neno la kwanza ni jini, la pili ni kurogwa, na fedha za kwanza huenda kwa mganga. Wengine huletwa kanisani, nasi twawaombea na kuwapaka mafuta, na hilo ni jema. Lakini kumwombea mwenye mguu uliovunjika hakutuzuii kuufunga mguu. Vivyo hivyo, kumwombea mgonjwa wa akili kusituzuie kumpeleka Bombo.

Wakristo wa mkoa huu walilifahamu jambo hili mapema. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari Wajerumani wa Kilutheri walifungua mwaka 1896 makao ya watoto waliookolewa katika utumwa. Tangu mwaka 1904 mahali pale pakawa pa kuwatunza wagonjwa wa akili, na shamba na kazi za mikono zikawa sehemu ya tiba yao. Hospitali ya Mirembe kule Dodoma, ambayo jina lake wengi hulitaja kwa mzaha, ilianzishwa baadaye, mwaka 1927. Yafaa tukome mzaha huo, kwa maana ugonjwa huu hauko mbali na nyumba zetu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 mtu mmoja katika kila wanane duniani alikuwa na tatizo la afya ya akili, na kwamba mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walikufa kwa kujiua. Tukiketi wanane katika benchi moja la kanisa, na tufikiri.

Basi, kwa upande wa imani na wa haja ya watu, jibu letu ni ndiyo. Elimu hii ni njema, na kazi ipo. Lakini haja ya watu si sawa na ajira, na hapo ndipo wazazi wengi wanapokwama.

Kuhesabu gharama

Bwana wetu, katika Luka 14:28, atupa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara. Asipoketi kwanza kupiga hesabu, ataishia kwenye msingi, na wapita njia watamcheka. Nasi twazijua nyumba zilizokomea kwenye linta, na miti imeota vyumbani. Tusipeleke watoto wetu katika ujenzi wa namna hiyo.

Kwanza, tuhesabu miaka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma vimekuwa vikifundisha shahada ya elimu katika saikolojia, nayo ni ya miaka 3. Mhitimu aweza kuelekea katika ualimu, unasihi wa wanafunzi shuleni, au kazi katika mashirika yanayohudumia watoto na jamaa zao. Lakini shahada hiyo ya kwanza haimfanyi mtu tabibu wa akili. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili husomea kwanza udaktari miaka 5, hufanya kazi ya mazoezi mwaka 1, ndipo husomea ubingwa. Mwanasaikolojia wa tiba naye hupita shahada ya kwanza na kuendelea hadi uzamili, elimu ambayo imekuwa ikitolewa Muhimbili. Kwa hiyo mtoto akisema, "Nataka kuwatibu watu," aambiwe kweli kwamba miaka 3 ni nusu ya njia. Jina la shahada nalo lisomwe kwa makini kabla ya kuomba nafasi, na chuo kitazamwe kama kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu.

Pili, tuhesabu fedha. Serikali iliunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu kwa sheria ya mwaka 2004, na wengi wa watoto wetu wamesoma kwa msaada wake. Lakini mkopo si sadaka. Kwa sheria ilivyorekebishwa mwaka 2016, aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Mwenye mshahara wa shilingi 600,000 hukatwa 90,000. Mzazi anayengoja kutumiwa fedha mtoto akianza kazi na aliweke hilo katika hesabu yake.

Tatu, tuhesabu kungoja. Sote twawaona vijana wenye shahada, hata za ualimu, wakikaa mwaka baada ya mwaka wakisubiri ajira. Kazi za saikolojia ni chache zaidi, na waajiri wengine hawajui bado wazitie wapi. Mambo yanabadilika polepole. Nchi yetu ilitunga Sheria ya Afya ya Akili mwaka 2008, na jirani zetu wa Kenya walitunga mwaka 2014 sheria ya washauri na wanasaikolojia. Hata hivyo, anayeichagua njia hii asiichague kwa kutazamia utajiri wa haraka.

Milango mingine

Yafaa pia tujue kwamba shahada ya saikolojia si mlango pekee. Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1973, hufundisha watu kuzihudumia jamaa zenye shida. Muuguzi aweza kuendelea na masomo ya kuwauguza wagonjwa wa akili, na kwa kazi ya namna hiyo hospitali huwa na nafasi iliyo wazi zaidi.

Tena kuna walioponya wengi bila ya shahada. Mwaka 2006, mjini Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi wa mtaa wa Mbare, watumishi wa afya wa kawaida, kukaa juu ya benchi la mbao karibu na zahanati na kuwasikiliza wenye shida. Washona wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Kwetu twasema, "Ana mawazo." Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016, uliohusu watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliosaidiwa na akina bibi hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko wale waliopata matibabu ya kawaida. Akina bibi wale hawakuwa na shahada, lakini nyuma yao alikuwapo mtu aliyesoma, aliyewafundisha la kufanya, na la kuliacha kwa daktari. Wote wawili wanatakiwa, bibi wa benchi na msomi wa kumwongoza.

Jambo ambalo chuo hakitoi

Sasa twafika kwenye neno tunaloliona kuwa kubwa kuliko yote. Katika Mithali 20:5, mashauri yaliyo moyoni mwa mtu yafananishwa na maji ya kilindini, na mwenye ufahamu ndiye ajuaye kuyateka. Watu wa Raskazone wajua kisima. Kamba fupi haifiki maji, na mwenye pupa huyavuruga, akateka tope. Tena maji yakishatekwa hayamwagwi njiani.

Katika lugha yetu twasema mtu fulani ana kifua, maana yake akiambiwa jambo hukaa nalo. Padre asikiaye maungamo amefungwa na sheria ya Kanisa asitoe hata neno moja nje. Mnasihi naye, kwa miiko ya kazi yake, hutakiwa kutunza siri za anayemjia. Katika mji mkubwa hilo ni rahisi kidogo. Hapa kwetu, ambapo anayekuambia shida zake ni mke wa rafiki yako au mtoto wa jirani, na jioni mtakutana sokoni, hilo ni kazi ya kila siku. Siri moja ikitoka, hakuna atakayerudi kwa mnasihi huyo, hata akitundika shahada tano ukutani. Chuo kitamfundisha kijana majina ya magonjwa na njia za kuuliza. Kifua atakuja nacho kutoka nyumbani.

Mama mmoja mjane wa parishi yetu alikuja kutuona pamoja na bintiye, nao wameturuhusu tuandike habari zao bila kuwataja. Binti alikuwa amepata nafasi ya kusomea saikolojia. Wajomba walitaka asomee uuguzi, au asubiri kuolewa. Mama alikuwa tayari kuuza kiwanja cha marehemu mumewe ili binti aende, na nyuma ya binti wako wadogo wawili bado shuleni. Alituuliza, "Mwalimu, niuze?"

Hatukumjibu upesi. Tulijua kwamba baba mdogo wa binti huyo aliugua akili, na kwamba kwa miaka minne yule binti ndiye aliyempa vidonge vyake kwa saa, na kumtembeza jioni kando ya bahari, wakati wenzake wa rika wakiona haya kupita naye. Tukamwuliza binti, "Baba yako mdogo alipozidiwa, alikuwa akisema mambo gani?" Akainamisha macho kwa adabu, akasema, "Mnisamehe, Mwalimu. Hayo ni yake mwenyewe."

Basi tukamwambia mama: huyu ana wito, na asizuiwe. Lakini kiwanja usiuze. Hicho ni cha watoto watatu, na wito wa mmoja usiwanyime wawili fungu lao. Aombe mkopo. Ukitosha, aende. Usipotosha, aombe kuahirisha nafasi yake kama chuo kinaruhusu, afanye kazi mwaka mmoja karibu na wagonjwa au watoto, aweke akiba, aombe tena. Na kama hata hapo haikuwezekana, aingie kwa mlango wa uuguzi au wa ustawi wa jamii, wala asidhani kwamba wito umepotea. Wajomba walinung'unika kidogo, kisha wakakubali.

Neno kwa vijana na kwa wazazi

Vijana wetu, jiulizeni kwa nini mwataka elimu hii. Kama ni kwa sababu nafasi nyingine zimekosekana, ngojeni kwanza. Kama ni kwa sababu wewe mwenyewe una jeraha moyoni na wataka kulielewa, hilo si dhambi, lakini tafuta kwanza msaada wa jeraha lako, kwa padre na kwa tabibu, kwa maana chuo si hospitali. Kama ni kwa sababu watu hukujia na shida zao, nawe waweza kuketi nao bila kuchoka na bila kusimulia, huenda Mungu anakuita.

Wazee watakumbuka Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka vijana wafanye kazi kwanza yapata miaka 2 kabla ya kuingia Chuo Kikuu, na waliowaongoza kazini waseme habari za mwenendo wao. Utaratibu ule haukudumu, na ulikuwa na matatizo yake. Lakini lilikuwamo wazo jema, kwamba kazi humwonyesha mtu alivyo kabla ya vitabu kumpa jina. Kwa anayetaka kusomea nafsi za watu, mwaka mmoja wa kuwahudumia si mwaka uliopotea.

Nanyi wazazi, msimzuie mtoto kwa kuona haya, mkisema watu watamwita daktari wa vichaa. Tusome Marko sura ya 5. Yule mtu aliyekaa makaburini, akipiga kelele na kujikatakata, Bwana wetu hakuona haya kukutana naye. Watu walipomkuta amevaa nguo na akili zimemrudia, waliogopa. Naye alipotaka kufuatana na Yesu, Yesu alimrudisha nyumbani kwa jamaa zake. Hilo ni funzo kwa parishi yetu pia. Wagonjwa wetu hutoka hospitali, hurudi nyumbani, na wengi huugua tena kwa sababu hakuna anayewapa kazi wala anayeketi nao. Twaiomba halmashauri ya parishi na Umoja wa Mama walifikirie jambo hili: waliotoka hospitali watembelewe kama wagonjwa wengine, na mtoto wa parishi anayesomea kazi hii asaidiwe nauli na vitabu, ili siku moja arudi kutufundisha kuwa kama bibi wa benchi.

Kwa ufupi, ndugu zetu, shahada ya saikolojia yafaa kwa mwenye kifua, aliyehesabu miaka na fedha, na aliye tayari kungoja. Kwa asiye na hayo, kuna kazi nyingine nyingi njema za kumtukuza Mungu.

Ee Bwana, uliyemlisha Eliya nyikani na kumrudishia nguvu, uwaongoze watoto wetu katika kuchagua kazi. Uwape masikio ya kusikia na ulimi wa kutunza. Uwaponye walio na mawazo mazito katika nyumba zetu, nasi utuondolee haya ya kuwa karibu nao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.